Bahasha Mbili Kabla Hazijachomwa

Mgeni rasmi, Mkuu wa Utafiti wa Kuacha Sigara, kabla hujakaa vizuri hebu tukuulize: umewahi kuishi nyumba moja na mtu anayeacha sigara? Kama hujawahi, tuvumilie tukueleze. Kama umewahi, pole.

MAKARIBISHO

Karibu chumba cha nyuma cha kituo cha afya. Zamani viliwekwa humu vitanda vibovu. Ukitazama sakafuni utaona bado alama za miguu yake. Viti havitoshi, ila wewe tumekuwekea kile chenye mgongo. Tulianza watu thelathini na mmoja. Leo tuko ishirini na sita.

TULIKOTOKA

Watu wako walipokuja walituambia jambo ambalo hatukuwahi kuambiwa: kwamba nikotini huuzoesha ubongo, na ikikosekana ubongo huidai kama mtoto anavyodai ziwa. Tulifurahi mno, maana miaka yote tumeitwa wakaidi.

Kila mmoja akapewa boksi la plasta za kubandika mkononi, kila plasta imeandikwa namba ya mwenyewe. Nusu yetu tulipewa zenye dawa, nusu zisizo na kitu, na hakuna aliyejua yake ni ipi, hata muuguzi. Majibu ya kila namba yakafungwa ndani ya bahasha yake. Kila Jumanne tukawa tunapuliza kile kipimo cha pumzi, ambacho hakidanganyiki.

TULIYOYAPATA

Kati yetu alikuwepo fundi bati tuliyemwita Dohani, kwa jinsi alivyofuka moshi tangu anaamka. Boksi lake lilikuwa namba kumi na nne. Wiki mbili za mwanzo alimfokea mkewe kwa chumvi kuzidi, kesho yake akamfokea kwa chumvi kupungua. Wiki ya tatu akaja hapa anatafuna njiti ya kiberiti, macho mekundu.

"Yangu hii ni bure kabisa," akasema. "Bora nibandike stempu ya posta."

"Vumilia, shemeji," akamwambia Mama Cherehani, fundi wetu wa nguo, mwenye boksi namba ishirini na mbili. "Mimi yangu inawasha. Inayowasha ndiyo yenye dawa."

Nani alimwambia hivyo? Hakuna. Tulijiamulia wenyewe, tukaamini sote. Basi ikawa kila asubuhi Dohani anapita kibandani kwa Mama Cherehani, naye anaikata plasta yake katikati kwa mkasi wa vitambaa na kumpa nusu. Dohani anaibandika, kisha anaifunika kwa ile yake. Tulijua wote. Tuliona ni utu, tukanyamaza.

Na Dohani akaacha, mgeni rasmi. Wiki tisa kipimo hakikuona moshi. Pua yake ikazibuka. Siku moja mkewe anapita na beseni la nguo, Dohani akamshika mkono: "Kumbe unanukia vizuri hivi?"

"Miaka thelathini na minne, mzee! Ulikuwa wapi?" mkewe akamjibu.

Walicheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

KOSA LETU

Wiki ya kumi na mbili kifua kilimkatalia. Daktari alisema mapafu yalikuwa yamekwisha siku nyingi. Hospitalini, mkewe alipokuwa anampangusa kwa mara ya mwisho, aliibandua ile plasta taratibu, akakuta chini yake kipande kingine chenye namba nyingine. Akamwonyesha muuguzi wetu, aliyekuwa amefika kumwona. "Dada, hii ni ya nani?"

Katika watu wote wa karibu naye, mkewe peke yake hatukumwambia.

Muuguzi aliandika alichokiona, kama kazi yake inavyomtaka. Watu wako wakasema matokeo ya chumba chetu hayafai tena, na karatasi zetu, pamoja na bahasha, zitachomwa mwisho wa mwezi. Hatuwalaumu. Mlikuwa mnatafuta jambo moja la kweli, sisi tukalivuruga. Tunaomba radhi.

Muuguzi pia alitueleza kwamba hata gundi peke yake huwasha. Mama Cherehani aliposikia hayo alikaa chini palepale. "Kwa hiyo sijui nilimpa nini," alisema.

Tangu maboksi yachukuliwe, wenzetu wanne wamerudia sigara. Wanaona aibu kuja. Wa tano asiyekuja ni Dohani.

MAOMBI

Tunaomba plasta zirudi, hata kama hatutahesabiwa tena katika utafiti wowote. Tunaomba kipimo kisiondolewe, na Jumanne zetu zibaki. Tunamwomba Mungu akujalie pumzi ndefu, wewe na wote wanaofanya kazi hii, na mtakachokigundua kiwafikie hata wasiojua kusoma.

Tulidhani risala imeishia hapo. Lakini mjane wa Dohani alikuwa amekaa pale mlangoni; alikuja kurudisha boksi la mumewe lililokuwa limesalia nyumbani. Kila tulipomuuliza naye anaomba nini, alijibu, "Andikeni yenu tu, mimi sivuti." Karatasi ilipokuwa inakunjwa ndipo akainuka.

"Ongezeni na langu. Zifunguliwe bahasha mbili kabla hazijachomwa, ya kumi na nne na ya ishirini na mbili. Msibani watu walisema aliachishwa na plasta ya watu. Hata wanangu wanasema hivyo. Ikiwa ndivyo, nitamshika Mama Cherehani mkono nimshukuru. Lakini kama plasta zote mbili zilikuwa tupu, basi mume wangu aliacha mwenyewe. Nilimwomba aache tangu ujana wetu. Nataka kujua kama alinisikia."

Ni sisi,
Kikundi cha Jumanne, Chumba cha Nyuma.