Mama Mtaro na Maji ya Kisima cha Bondeni

Jambo la kwamba mtaro wa mvua wa mtaa huu hauna chujio, na kila kinachotupwa humo huteremka hadi kisima cha bondeni, mkaza mwana wa marehemu alilisikia kwanza kwa marehemu mwenyewe, wiki aliyoingia nyumbani kama bibi harusi.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Mtaro, alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, akasoma shule ya msingi ya hapo juu hadi darasa la saba mwaka 1975, na kuanzia 1980 hadi alipostaafu 2016 alifua mashuka ya hospitali. Tarehe 12 Juni 1983 aliolewa na seremala, aliyemtangulia, wakajaliwa watoto wanne, mmoja wao, binti wa miaka miwili, akafariki kwa kuhara mwaka 1991, baada ya kunywa maji ya kisima hicho, na tangu hapo mama hakubanduka mtaroni.

Desturi yetu ni kungoja mvua inyeshe ndipo tumwage taka mtaroni, tukisema mvua ni gari la bure, gereji ikamwaga oili chafu, nyumba zikatupa nepi, naye akiopoa. Vijana wa gereji wakimtania, "Mama Mtaro, leo umevua nini?" alijibu bila kuinua kichwa, "Nepi ya mwanao, baba, njoo uchukue kitoweo."

Tarehe 9 Aprili mwaka huu mvua ilikuta mtaro umeziba pale bondeni, maji yakapanda kuelekea ukingo wa kisima ambacho mjukuu wake mchanga hunyweshwa maji yake, akashuka peke yake kuzibua, chupa iliyovunjika ikamkata mguu, jeraha likaoza, sumu ikaingia kwenye damu, na tarehe 21 akakata roho wodini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa chumba cha kufulia, na majirani mliotubebea majonzi haya. Nyoosha mgongo sasa, Mama, upumzike kwa amani.

Asubuhi iliyofuata kifo, mawingu yametanda, wapishi wa msiba walibeba masufuria kwenda kumwaga makoko na maji ya mafuta mtaroni, na mkaza mwana, ambaye hata salamu huitoa akitazama chini, alisimama mbele yao na mtoto mgongoni, akachukua jembe, akaanza kuchimba shimo nyuma ya nyumba, wala hakupumzika hadi sufuria ya mwisho ilipoletwa huko.