Wilbroad Mihayo Kasanda, Aliyetufikisha Mwisho wa Sanduku la Radi

Ndugu zangu, majirani wa Isevya na Kipalapala, na ninyi mliopanda treni kuja kutuzika: huyu tunayemsindikiza leo aliomba habari zake zisomwe tangu mwanzo bila kuruka, kwa sababu anayeruka huja kuulizwa maswali. Basi mimi kaka yake, Revocatus, niliyezoea kutembeza asali kuliko kushika kalamu, nitajitahidi.

Wilbroad Mihayo Kasanda, ambaye wengi mlimwita Wili, alizaliwa Jumapili tarehe 8 Machi 1964 huko Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Nikolaus Kasanda na marehemu Yustina, wakulima wa karanga na mpunga. Mama alisema alizaliwa kengele ya misa ikigongwa, akalia kuishinda kengele. Shahidi mwingine hatuna, lakini sauti hiyo mliisikia wenyewe.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1972 hadi 1978. Alipokuwa darasa la tano, mwalimu wao aliwasomea hadithi ya mfalme aliyemeza ufunguo wa mji, kila Ijumaa kipande. Mwalimu akahamishiwa Tura hadithi ikiwa katikati. Wili akadandia treni ya mizigo, akafika Tura jioni, akabisha hodi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe si Wilbroad? Nani kakuleta huku?"

"Nimekuja kuuliza, ufunguo ulipatikana?"

Mwalimu alimlisha, akamsomea mpaka mwisho, akamrudisha kwa treni ya kesho yake. Baba alimchapa. Wili alichapwa huku anacheka, maana ufunguo ulikuwa umepatikana.

Alipomaliza darasa la saba hakuchaguliwa kuendelea. Alifanya kazi ya bustani kwenye seminari ya Kipalapala, na Kiingereza chake alikiokota hapo, kwa waseminari waliompa magazeti ya zamani. Baadaye alibeba mizigo stesheni. Mwaka 1996 yeye na rafiki yake Adinani, mwenye televisheni na deki, walifungua banda la video Isevya. Adinani alilinda mlango. Wili alishika maiki na kututafsiria.

Na hapa, jamani, ndipo pa kusimulia! Mwaka 1999 ilikuja kanda ya kwanza ya Sanduku la Radi. Binti mdogo wa kifalme anairudisha radi mlimani kwake, imefungiwa ndani ya sanduku, na anayelibeba sanduku ni mzee mmoja mwenye kovu kwenye paji la uso. Wenye filamu walimpa jina gumu. Wili akamwita Mpagazi. Banda zima likasimama! Babu zetu walibeba pembe kwa miguu kutoka hapa hadi Bagamoyo. Mtu wa kubeba mzigo bila kuutua tunamjua, ni wetu. Tangu siku hiyo binti alikuwa wa kwao, lakini Mpagazi alikuwa Mnyamwezi.

Sehemu ya pili ilikuja mwaka 2000. Mpagazi yuko kwenye daraja la kamba, joka linatema moto, kamba inakatika, anaanguka mtoni, na hapohapo deki ikatafuna kanda. Watu wakapiga kelele: "Wili! Imekuwaje?" Ndugu yetu hakupenda kusema sijui. Akavuta pumzi, akasema, "Amekufa."

Mkumbuke tulivyolia. Tulikaa matanga palepale bandani siku tatu, ugali ukapikwa. Mzee Mabruki, fundi cherehani wa Ng'ambo, Mzaramo, mtani wetu, akaja na utani wake wa msibani kama ilivyo ada, akalala mlangoni akisema, "Wanyamwezi, mtu wenu kafa maji, na bado mnataka nimchimbie kaburi?" Siku ya tatu tukaanua matanga.

Mwaka uliofuata ikaja sehemu ya tatu, na Mpagazi huyu hapa, anatembea! Wili alitoka jasho. Akasema kwenye maiki, "Huyu si yule. Yule alikuwa Kulwa. Huyu ni Doto, pacha wake." Watu tukakubali. Pacha ni jambo la kawaida kwetu.

Tukaishi na Doto mpaka sehemu ya nne, Februari 2002. Kamera ikamsogelea usoni. Ndipo msichana mmoja wa benchi la nyuma, mshona sare za shule, akasimama.

"Kaka Wili, simamisha! Doto kalipata wapi kovu la Kulwa?"

Adinani akamnong'oneza, "Sema walianguka pamoja utotoni." Ingepita. Lakini Wili alizima televisheni, akawasha taa.

"Jamani, nimewakosea. Filamu haikumuua Mpagazi. Nilimuua mimi. Mwisho sikuuona."

Wengine walitukana. Mama mmoja alidai arudishiwe machozi yake. Wili alisimama tu, maiki mkononi, akijua kwamba asipoaminiwa siku ile hataaminiwa tena. Mzee Mabruki akaokoa. Akaagiza unga, akauchanganya na maji, akanyunyizia televisheni na Wili pamoja, akisema, "Aliyeliliwa akiwa hai huondolewa msiba. Mnyamwezi huyu alipe jogoo, na kuanzia leo asimzike mtu ambaye hajamwona." Jogoo alilipwa. Tangu siku hiyo Wili hakutafsiri filamu yoyote kabla hajaitazama mara tatu mpaka mwisho, na kila sehemu mpya aliianza kwa kutukumbusha nani anadaiwa kiapo na daraja lipi limevunjika.

Yule msichana wa kovu alikuwa Apolinaria. Wili alikwenda kiwandani kwao kumshukuru, kisha kumwomba akae benchi la mbele amkumbushe akisahau, kisha akakosa sababu nyingine akasema ukweli. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2002, Wili akiwa na miaka thelathini na minane, sisi tukiwa tumeshakata tamaa. Na Mungu naye ana utani wake: mwaka 2004 akawapa mapacha, Kulwa na Doto wa kweli. Mzee Mabruki alikuja akawakagua paji la uso wote wawili.

Sehemu ya tano ilitoka mwaka 2005, kisha wenye filamu wakanyamaza miaka mingi. Banda lilihama kutoka kanda kwenda CD, kutoka CD kwenda flashi, na kila nilipopita na asali, hata kule Choma, watu waliniuliza, "Ndugu yako anasemaje, radi imefika mlimani?"

Mwishoni mwa mwaka 2023 sauti ya Wili ilianza kukwaruza. Januari 2024, hospitalini Mwanza, ilijulikana kuwa ni saratani ya koo. Upasuaji ulimwacha hai, ukaondoka na sauti. Ulibaki mnong'ono wa kusikiwa na aliyeweka sikio karibu. Na mwaka huu, 2025, sehemu ya sita na ya mwisho ikaja.

Adinani alitaka kumleta kijana wa Dar. Watu walikataa. Wili aliandika kwenye karatasi: "Nikifa kabla ya kuwafikisha, nimewaacha porini." Apolinaria akaisoma, akasema, "Basi ninong'oneze mimi."

Jumamosi tarehe 30 Agosti, saa kumi alasiri, watu walijaa mpaka nje. Wili alinong'ona, Apolinaria akasema kwenye maiki. Mara mkewe akageuka: "Hapana baba Kulwa, upanga huo ulivunjika sehemu ya tatu, huu ni mwingine." Watu wakacheka, Wili akainua mikono. Radi ikarudi mlimani! Tulipiga vigelegele. Kisha Mpagazi akatua sanduku, akakaa chini, akafumba macho. Wili hakunong'ona. Tukangoja. Apolinaria alimtazama, akauliza, "Umeona?" Akatikisa kichwa kukubali. Apolinaria akashika maiki kwa mikono miwili.

"Amekufa. Safari hii tumemwona wote."

"Matanga yake tulishakaa," akasema Mzee Mabruki. "Nendeni mkapike cha kwenu!"

Wili alicheka bila sauti mpaka akashikwa mabega.

Alifariki nyumbani kwake Isevya, Alhamisi tarehe 11 Septemba 2025, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Ameacha mjane, Apolinaria, watoto wawili, Kulwa na Doto, mjukuu mmoja, Recheli, kaka mmoja, rafiki yake Adinani, na mtani wake Mabruki, ambaye naomba aondoke pale kaburini alipolala ili tuendelee.

Mama Kulwa amenituma niseme hivi: wiki ijayo, matanga yakishaanuliwa, banda litafunguliwa Jumamosi saa kumi kama kawaida, na maiki atashika yeye.

Bwana aliyempa ndugu yetu sauti ampe sasa pumziko na amani yake.