Odile Jaccoud na Wakala Aliyedanganya

Tarehe 28 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minne, Bi Odile Jaccoud anakabidhi ufunguo wa chumba namba saba na kustaafu uhariri wa kiwango (kanuni rasmi) cha Arva, lugha ya kuandikia programu za kompyuta inayotunzwa na kamati yetu hapa Geneva. Amehariri matoleo tisa na kuwachosha wenyeviti watano.

Alikuja kutoka mji mdogo wa Payerne kuchapa kumbukumbu za mikutano. Katika mkutano wake wa tatu aliinua mkono kuwaambia wahandisi ishirini kwamba sentensi waliyoipitisha ilikuwa na maana mbili. Mwenyekiti akamkumbusha kuwa kazi yake ni kuchapa.

“Ndiyo, Bwana Mwenyekiti,” akajibu. “Nichape maana ipi?”

Mwaka uliofuata akawa mhariri.

Lakini habari ya Bi Odile haisimuliki bila vita vya wakala. Wakala, katika lugha yetu, ni kitu kinachosimama mbele ya kitu kingine na kujibu kwa niaba yake, kama karani wa mapokezi. Rasimu ya Bi Odile iliruhusu wakala aundwe kwa orodha ya majibu tu: wakala.unda(majibu). Ruedi Aeschlimann, mhandisi kutoka Bern, alitaka mwenyewe, yaani kile kitu kinachojibiwa kwa niaba yake, atajwe kwanza: mpya Wakala(mwenyewe, majibu).

Ukiona ni jambo dogo, hukuwepo. Waligombana miaka minne, mikutano kumi na mmoja.

“Bwana Aeschlimann, unaongeza maneno mawili halafu unayaita mageuzi!”

“Bi Jaccoud, wakala asiyemtaja bosi wake ni tapeli.”

Bi Odile alichapisha kitabu cha mwongozo chenye mtindo wake. Alitengenezesha vikombe mia mbili vya kahawa vyenye mtindo huo. Ruedi alikunywa kahawa yake kwenye glasi, ikawa inamuunguza vidole, lakini hakusalimu amri.

Kura ya mwisho ilipangwa Alhamisi moja ya Desemba, na Bi Odile alikuwa na wingi wa kura. Jumanne asubuhi, ili ammalize kabisa mpinzani wake, aliandika programu ndogo ya kuthibitisha kwamba wakala wake ni mwaminifu. Alimpa mwaka wake wa kuzaliwa, 1961, wakala akaapa kuwa umefungwa wala hautabadilika kamwe. Alipomuuliza mara ya kwanza, alijibu 1961. Mara ya pili, 1971. Mara ya tatu, 1984.

“Mireille, njoo!” aliniita mimi, msaidizi wake. “Nimezaliwa mara tatu kabla ya chakula cha mchana, na lugha imekubali!”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kwa kuwa mwenyewe hakutajwa popote, lugha haikuwa na pa kulinganisha jibu na ukweli. Ruedi alikuwa amesema kweli tangu siku ya kwanza.

Naungama hapa: nilimshauri anyamaze. Hakuna mwingine aliyeona, na kura zilikuwa zake. Alinitazama kama anavyonitazama nikisahau nukta. “Wewe na mimi tumeona,” akasema, akaenda kula chakula chake cha mchana, viazi na mboga ya liki.

Alhamisi alisimama mbele ya wote, akaendesha ile programu, akazaliwa tena mara tatu.

“Ruedi,” alisema, na hapo tu watu wakatazamana, kwa maana hakuwahi kumwita kwa jina lake la kwanza, “wewe umepatia. Mimi nimekosea, tena kwa sauti kubwa. Naomba tupitishe mtindo wako.”

Uso ulimwiva Ruedi. “Sasa,” akasema, “mimi nitagombana na nani?”

Ushindi huo ulikuwa na gharama. Watu waliokwisha kuiamini rasimu ya zamani waliandika barua mia nne na kumi na mbili, nyingine za matusi. Bi Odile alizijibu zote kwa mkono wake, hata ile iliyomwita mbuzi. Watengeneza jibini fulani wa milimani programu yao ya kuhesabu ng'ombe iligoma kabisa. Alipanda treni, akairekebisha zizini, akarudi na jibini zima lililotufukuza ofisini siku mbili kwa harufu.

Tangu hapo hakuna wakala wa Arva aliyedanganya kuhusu jambo aliloapa. Wanaoandika programu leo hawajui ni kwa nini, na Bi Odile anasema ndivyo kiwango kizuri kinavyopaswa kuwa.

Wiki iliyopita mhariri mpya alileta pendekezo lake la kwanza: kubadilisha tena mtindo wa wakala. Bi Odile alitangaza kwamba halimhusu, anastaafu. Kesho yake saa mbili asubuhi alipiga simu akiwa na masahihisho saba. Yote yalikuwa sahihi.

Bi Odile, ahsante kwa kila nukta. Ukapumzike, ukatembee, bustani yako ikustawie na afya isikupungukie. Na simu yako, tutaipokea.