Wasifu wa Marehemu Nizama Selimbegović, Mkalimani Wetu Hospitalini

Dada yetu Nizama alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 mjini Sanski Most, Bosnia, mtoto wa kwanza wa fundi viatu Rasim na mkewe Hajrija. Mimi, Ferid, ni kitinda mimba wao. Nizama ndiye aliyenibeba mgongoni.

Alisomea ushonaji Banja Luka, akashona mashati kiwandani hadi vita vya 1992 vilipotufukuza kwetu.

Mwaka 1974 aliolewa na Hamdija, fundi umeme, wakajaliwa binti mmoja, Indira. Walifika hapa St. Louis, Marekani, mwaka 1995, hawajui Kiingereza hata cha kuombea maji.

Novemba 1997 Hamdija alishikwa na maumivu ya kifua yaliyopanda hadi kooni. Hospitali moja, siitaji, inajijua, ilitafuta mkalimani asubuhi nzima ikaleta Mrusi. Hawakuelewana. Mwishowe daktari akatamka neno moja polepole: angina. Kwa Kiingereza hayo ni maumivu ya moyo unaokosa damu. Kwetu angina ni mafindofindo. Walirudi nyumbani wanacheka. Nizama akampikia chai ya asali, akamfunga skafu shingoni, na vidonge vya kuweka chini ya ulimi wakavidhania vya koo.

“Mwanamume mzima unalilia koo,” alimtania.

Jumatatu Hamdija alirudi kwenye kibarua chake cha kubeba matofali. Alianguka kabla ya chakula cha mchana, hakuinuka tena. Jambo hilo lilimkata dada maini, na sisi pia.

Alijifunza Kiingereza kwa hasira, na mwaka 2001 akaanza ukalimani hospitalini. Alizisumbua ofisi zao mpaka zikakubali kwamba mgonjwa wetu atafutiwe mkalimani aliyesomea kazi hiyo, na ndugu wasitafsiri. Mzee mmoja aligoma kwa kuwa fomu iliandikwa Kiserbo-Kroatia, jina la zamani la lugha yetu hiyo hiyo.

“Mimi nasema Kibosnia,” alifoka.

“Sawa, babu, na figo zako zinasema lugha gani? Vua shati.”

Akavua.

Tarehe 9 Januari 2019 Nizama alipata kiharusi. Kilimwachia lugha ya mama, Kiingereza chote kikafutika. Hospitali ikahangaika, ikampata kijana kwenye simu. Lafudhi yake ilikuwa ya Serbia. Niliogopa dada atakataa, maana waliotutoa Sanski Most walizungumza hivyo hivyo. Mimi nilikatazwa kutafsiri, kwa kanuni yake mwenyewe.

Daktari alieleza kwa kirefu, macho chini. Kijana akasema, “Anasema upumzike, mama.”

“Daktari kaongea sana, mwanangu. Mengine umeyaweka wapi?”

“Mama, ni mazito.”

“Ni yangu. Nipe.”

Akampa yote: damu inavuja tena kichwani, hawawezi kuizuia, pengine hatafika Jumapili. Dada akamngoja amalize.

“Unatoka wapi?”

“Valjevo, mama, huko Serbia.”

“Umetafsiri vizuri. Sasa mwambie daktari nimeelewa.”

Alifariki Jumamosi, tarehe 12 Januari, mkono wake mkononi mwa Indira.

Ameacha binti, Indira, mkwe wake Senad, wajukuu wawili, Lamija na Tarik, na mimi mdogo wake. Anazikwa leo kando ya Hamdija.

Pumzika salama, dada.