Usimwamini Akikuambia Hajambo

Mgeni rasmi, mganga mfawidhi, wauguzi na ndugu zetu mliopo,

Karibu. Umekuja kutufungulia mabenchi mapya ya wodi ya saratani. Tunashukuru, ingawa tunakiri tulishayakalia jana. Miguu haikusubiri sherehe.

Tulikotoka

Sisi ni waume, wake, mabinti na mashemeji tunaouguza hapa. Zamani daktari akipita asubuhi aliuliza, "Hujambo, mama?" Mgonjwa akajibu, "Sijambo, daktari." Ndivyo tulivyolelewa. Daktari akaenda kitanda cha pili, nasi tukabaki na vilio vya usiku. Tulisugua migongo, tukanunua vidonge vya dukani, tukaamini maumivu ndiyo saratani yenyewe, hayana dawa.

Mafanikio

Kisha akaja muuguzi aliyesomea kutuliza maumivu. Yeye huuliza, "Umelalia ubavu gani?" Fundi cherehani wa kitanda cha dirishani alimjibu, "Sijalala, mwanangu. Nilikaa tu nikingoja kuche." Daktari akaitwa, akamwandikia morfini ya maji. Mumewe akaikataa, akisema hiyo ni dawa ya kuagia. Muuguzi alikaa naye kitako, akamwelewesha kwamba ni dawa ya maumivu, na maumivu hayasubiri mtu afe. Wiki ile ile fundi alikula, akalala, akaamka akimgombeza mume kwa kuvaa shati lisilo na kifungo. Mume alilia kwa furaha, na ndiye anayekusomea risala hii.

Changamoto

Tumesikia muuguzi huyu anahamishwa. Hapa hakuna mwingine aliyefundishwa kazi yake wala kuruhusiwa kutoa dawa hiyo. Kabati litafungwa, dawa ikiwa ndani. Tunaogopa.

Maombi

Mabenchi yanatosha. Tunaomba muuguzi abaki, au asiondoke kabla hajamfundisha mwenzake.

La mwisho ni dogo. Ukitoka hapa utapita wodini. Fundi ameomba avalishwe gauni lake la kijani, naye amekaa wima anakusubiri. Leo asubuhi amekataa dawa, asije akasinzia mbele ya mgeni. Ukimwuliza hali, atatabasamu akuambie hajambo. Tafadhali usimwamini. Muulize amelalia ubavu gani, kisha umwambie wewe anywe dawa yake, maana akiambiwa na sisi hasikii. Hotuba yako tutaingoja. Anza na yeye.

Mungu akujalie afya, na kila usiku usingizi mnono.

Ni sisi,
Wauguzaji wa Wodi ya Saratani