Mama Majani na Nyoka Aliyetupandisha Mezani

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Majani anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kulinda msitu ulio nyuma ya ofisi zetu. Miaka yote hiyo alikuwa akichunguza aina moja ya nyoka mdogo, na amemwona mara kumi na tisa tu. Sisi tunaopima kazi kwa idadi ya vikao tulimhurumia sana.

Nyoka mwenyewe hazidi urefu wa penseli mbili. Mgongo wake ni wa kahawia, tumbo jekundu. Hushinda chini ya magogo yaliyooza, hula konokono wasio na gamba, hana sumu. Ukimshika, silaha yake kali kuliko zote ni kukunyea mkononi.

Mwaka mmoja jitu hili la kutisha liliingia ukumbini ndani ya chungu cha maua. Mkurugenzi, bingwa wa hotuba za ujasiri, alipanda mezani. Alimkuta mhasibu ameshafika. Alasiri ikatoka amri: kichaka chote kifyekwe na kuchomwa moto. Wakuu wa idara tulitia saini mbio mbio. Yangu ni ya pili.

Mama Majani hakupiga kelele. Kesho yake aliingia kikaoni yule nyoka akiwa amejiviringisha kwenye vidole vyake.

“Mkurugenzi, huyu ana mimba,” alisema. “Ngoja azae, halafu uchome.”

Nani angekataa mbele za watu? Wiki tatu baadaye walizaliwa watoto saba, wembamba kama njiti za kiberiti. Alimwekea mkurugenzi mmoja kiganjani. Kitoto kikamnyea. Bosi akacheka mpaka machozi, na ile karatasi akaichana mwenyewe.

Leo msitu una kibao kikubwa kinachomshukuru mkurugenzi kwa kuuokoa. Mama Majani naye hakusahaulika: alipewa cheti, chenye jina la mtu mwingine.

Juzi nilimwomba radhi kwa saini yangu. Alinipeleka msituni, akanifundisha kuinua gogo na kulirudisha taratibu. Tuliinua kumi na moja. Hatukuona kitu.

“Safi,” alisema, uso umemchangamka. “Wamejificha vizuri.”

Asante, dada yetu. Nenda kapumzike, na Mungu akujalie miaka mingi ya kutoitwa kikaoni.