Ufagio Uliohamia Ofisini

Tarehe thelathini Juni, Celestine Nyakerario anastaafu baada ya kuwa afisa wa kilimo wa Birongo kwa miaka thelathini na mitatu. Wenzake waliniomba mimi mama yake niandike. Walifanya vizuri. Hakuna anayemjua kunishinda.

Alikuja na pikipiki ya serikali, mwanamke wa kwanza kuendesha pikipiki upande huu. Watu walitoka nje kumtazama. Mimi nilisimama mbele yao wote.

Kazi yake ilikuwa kuwaachisha wakulima kuchoma majani na kutegemea mbolea ya dukani peke yake, maana udongo ulikuwa umechoka. Aliwaambia watandaze majani makavu chini ya migomba yaoze. Wakakataa. Kwetu shamba la ndizi lilifagiliwa kama uwanja. Mwenye takataka chini ya migomba ni mvivu, na anayesemwa ni mama yake.

Basi akaanzia shambani kwangu. Jirani yetu Phanice, ambaye shamba lake lilikuwa safi hata kuku hapati cha kuchakura, alisimama njiani na wanawake wa kanisa.

"Mama Celestine, kama nguvu za kufagia zimeisha, sema tuje tukusaidie."

Walicheka mpaka sokoni. Mimi ningefagia, hakuna mkulima ambaye angemsikiliza Celestine tena, na yeye alijua. Hakuniomba kitu. Nilimpa ufagio nikamwambia aende nao ofisini, mkono wangu usije ukanishinda.

Kiangazi kilipokuja, migomba ya Phanice ililala chini. Yangu, majani yakiwa yametunza unyevu, ilisimama na mikungu yake. Akaja jioni kuomba machipukizi, akiongea kwanza habari za kwaya, za ng'ombe, za mvua. Celestine akamjibu kwa heshima: "Nitakupa, mama. Lakini uyachukue pamoja na majani."

Leo ukitoka hapa mpaka Kiogoro, huoni moshi mashambani. Phanice ndiye huwafundisha wanawake wa kanisa, na husema yeye ndiye aliyeanza. Mwacheni.

Nawashukuru wenzake kwa kumtunza mtoto wangu, ingawa nilimleta akiwa tayari mzuri. Celestine, upumzike vyema, ule ndizi zako bila haraka. Na ule ufagio ulio nyuma ya mlango wa ofisi, urudi nao nyumbani. Utafagia uwanja. Kwenye migomba usifike nao.